Ungefanyaje Kama Nisingesikia

Asubuhi ile nilikuwa na kopo la wino mweusi mkononi, na Mungu ndiye anayejua kwa nini sikummwagia.

Alikuja saa tatu, amevaa koti lake jeupe la kinyozi, anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonikera zaidi. Mtu ambaye tangu Jumapili simu zake hazipokelewi, mtu ambaye jumbe zake kumi na saba zimebaki bila jibu, alipaswa angalau kuja na uso wa aliyelala vibaya. Yeye alikuja na masharubu yamechanwa, yamepakwa mafuta, ncha zimepindwa juu. Mtaa mzima unayajua masharubu hayo. Ameyachora hata kwenye kibao cha saluni yake ng'ambo ya barabara, na mgeni akiuliza wapi atanyolewa vizuri huambiwa aende pale penye masharubu. Mwenyewe wanamwita Redio, kwa sababu hazimiki.

"Shikamoo, Shangazi," akasema, akiinamisha kichwa kuelekea ofisi ya kioo.

Shangazi yangu ndiye mwenye kiwanda hiki cha uchapaji. Alikuwa nyuma ya meza yake na kalamu nyekundu, kama kawaida. Kwetu hapachapwi kitu mpaka yeye asome prufu, nakala ya majaribio, na kutia sahihi chini, iwe tangazo la mazishi au kadi ya harusi, na tangu nianze kazi pale sijaona kosa likimpita. Alimsikia vizuri. Aliinua macho, akamtazama kuanzia viatu hadi masharubu, kisha akarudi kwenye karatasi yake.

Shikamoo ikabaki haina mpokeaji. Hilo si jambo dogo. Hata mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi akiamkia huitikiwa kwanza, ndipo apigwe.

Redio akanijia. Akasimama kushoto kwangu, kama siku zote, akasema jambo. Niliona masharubu yakicheza. Sikusikia kitu, nikaendelea kufuta rola za mashine kwa tambara. Akazunguka mbele yangu na kupaza sauti.

"Nimeuliza, ungefanyaje kama kinyozi mmoja mzuri wa sura angekuja kukuomba msamaha na hajui amekosa nini?"

Hapo ndipo kopo la wino lilipopanda juu, na hapo ndipo nilipolishusha. Sikutaka kuchafua sakafu niliyoipiga deki mwenyewe.

Lazima niseme juu ya mchezo wetu, kwa sababu mchezo huo ndio ulioniingiza kwenye mapenzi haya, na ndio uliokuwa unataka kunitoa. Miezi kumi na minane iliyopita alikuja kuchapisha orodha ya mitindo ya nywele, akaniuliza bila hata salamu ningefanyaje kama nywele za watu zingeota chini ya miguu. Nikamwambia ningempa pole yeye, maana angenyoa watu wamelala chali. Akacheka mpaka akakaa kwenye rimu za karatasi. Tangu siku hiyo hatukupitisha jioni bila maswali ya kipuuzi. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi nje ya saluni yake, yeye upande wa mlango ili amwone mteja, mimi kulia kwake, tunaulizana. Niliwahi kumuuliza angefanyaje kama angeamka akute nimegeuka kuku. Akasema angenitagisha, na yai la kwanza angempelekea Shangazi, aone atakavyomsalimia mjukuu. Nikamuuliza angefanyaje kama mimi na mama yake tungekuwa tunazama na mtumbwi una nafasi moja. Akasema angetuachia mtumbwi tugombane, yeye azame kwa amani, apumzike.

Sheria ilikuwa moja tu. Anayejibu kwa uzito ameshindwa, na aliyeshindwa anafagia nywele zote za saluni siku hiyo. Mimi nilikuwa nimefagia mara kumi na moja, maana kuna maswali hunigusa nikajisahau. Yeye hajawahi kushika fagio hata mara moja. Alikuwa anajivunia hilo kuliko masharubu.

Sasa Jumapili. Shangazi alitualika chakula cha mchana nyumbani kwake, tupange mambo ya mwisho ya harusi, kwa kuwa zilibaki wiki sita na kadi zilikuwa zichapwe wiki hii. Mimi nilikuwa na jambo kifuani kwa miezi minne. Nilikuwa nimejiapiza kumwambia siku hiyo, mbele ya Shangazi, nisipate pa kukimbilia. Nikashika kijiko, nikakiweka, nikakishika tena. Ulimi ukakataa. Mwishowe nikalisema kwa njia pekee niliyoizoea kumsemesha.

"Ungefanyaje kama siku moja nisingesikia tena?"

Hakufikiri hata kidogo. Akafuta masharubu kwa kitambaa, akainua kidole.

"Kwanza ningekoroma kwa raha zangu. Pili, ugomvi wote wa nyumbani ningeshinda mimi. Tatu, mama yangu angehamia kwetu siku hiyohiyo, maana ungekuwa mkwe wa kwanza duniani asiyejibizana."

Shangazi akaweka kijiko chini. Akachukua sahani yake ambayo hata haijafika nusu, akaingia nayo jikoni, na hakurudi. Redio alidhani amechoka, akamtakia pumziko jema kupitia mlangoni. Jioni ile Shangazi aliniambia maneno machache. Alisema hapana harusi, na yule kijana hanioi mimi, anaoa msikilizaji.

Basi asubuhi hii aliponiletea swali jingine la mzaha, nilipasuka. Nilimwambia aondoke na maswali yake, na kibao chake, na masharubu yake. Nilimwambia kwamba niliwahi kumuuliza swali moja tu la maana maisha yangu yote, akalifanyia shere mbele ya aliyenilea.

"Swali gani?" akauliza, bado ana kicheko kidogo mdomoni.

"La Jumapili."

"La kutosikia? Lile lilikuwa la mchezo."

"Lilikuwa la kweli."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kopo mkononi, bila kupamba. Sikio la kushoto limekwisha kwenda. La kulia linafuata taratibu. Daktari alisema huenda mwaka, huenda miaka mitano, na sababu ni hii mashine, ambayo nimesimama kando yake miaka kumi na minne bila kuziba masikio hata kwa pamba. Nilisema kwa sauti kubwa, nadhani. Siku hizi sijui sauti yangu inafika wapi. Mpita njia mmoja alisimama mlangoni, Shangazi akamtazama, akaendelea na safari.

Kicheko kilimtoka Redio usoni. Nilikitazama kikitoka, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilitaka aumie.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miezi minne."

"Nani anajua?"

"Shangazi."

"Shangazi. Na daktari. Na karani wa daktari, na mlinzi wa getini, maana huko hospitali hukuingia kwa kuruka ukuta." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito, nami nikaisikia vizuri kabisa. "Na mimi ninayekuoa baada ya wiki sita nimejua leo, kwa kugombezwa."

"Nilikuambia Jumapili."

"Hukuniambia. Ulinitegea. Tuna sheria moja, mimi na wewe, kwamba anayejibu kwa uzito ameshindwa. Ukalichukua jambo la maisha yako ukalitia ndani ya sheria hiyo, mezani kwa mkubwa wako, halafu ukakaa uone kama nitaanguka. Nikuulize, ningejuaje?"

"Mtu anayenipenda angeuona uso wangu."

"Uso wako ulikuwa unacheka," akasema. "Ulicheka kabla yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna kitu kinachotia hasira kama ukweli wa mtu uliyekwisha kumhukumu. Nilikuwa nimecheka. Jibu lilikuwa la kuchekesha, nami nimezoea kumchekea, kicheko kikatoka chenyewe kabla moyo haujafika. Badala ya kukubali nikatafuta pengine pa kumpiga.

"Basi angalia hivi," nikasema. "Miezi minne hii najifundisha kusoma midomo. Ya Shangazi naisoma. Ya wateja naisoma, hata wale wasio na meno. Mtu pekee nisiyemsoma ni wewe, kwa sababu mdomo umeufunika na hiyo brashi ya viatu. Ukinisemesha naona nywele tu."

Mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa masharubu, kisha ukashuka.

Shangazi alitoka ofisini wakati huo. Hakuja kutuamua. Alikuwa ameishika prufu ya kadi yetu, majina yetu mawili yamezungushiwa maua, na chini yake pale pa sahihi palikuwa peupe. Alisimama kati yetu na kumwambia Redio kwamba hii haitachapwa. Redio akamwambia kwa adabu kwamba hakujua. Shangazi akasema kutojua ndilo kosa lenyewe. Aliendelea kumhesabia: mwanamume mzima anakula kwa watu anacheka, anapanga harusi anacheka, na siku ya msiba atasimama makaburini achekeshe wachimbaji.

"Mimi ndiye niliyempa hii mashine," akasema. "Alipolalamika kelele nilimwambia kelele huzoeleka. Mimi, kwa mdomo wangu. Nimemharibia sikio mtoto wa kaka yangu aliyeniachia amana. Sitamtoa hapa hivi alivyo nimpeleke kwa mtu wa kumcheka."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Kwa miezi minne alikuwa amenipeleka hospitali, amenibadilishia zamu, amefoka kwa kila mtu, na mimi nilidhani ananikasirikia. Nilitaka kumshika mkono lakini wangu ulikuwa na wino, na isitoshe hasira ilikuwa bado na kazi.

Redio akakaa kwenye rimu za karatasi, safari hii bila kicheko. Aliyemfahamu angeogopa.

"Nami nina langu," akasema hatimaye, akinitazama mimi. "Kuna siku nilikuambia jambo la kweli. Si la mchezo. Miezi miwili iliyopita, pale benchini, mvua imetoka kukatika. Ilinichukua wiki nzima kulipanga. Nikakuambia, ukaendelea kutazama barabara kana kwamba amepita mbu. Nikasema basi, huyu anataka vichekesho, zaidi ya hapo hanitaki. Tangu siku hiyo ndiyo nimezidisha mzaha. Umeona nimezidisha?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimeudhika nao.

"Ulikaa wapi?" nikauliza.

"Ninapokaa siku zote. Upande wa mlango."

Upande wa mlango ni kushoto kwangu.

Alikuwa akinitazama, na nilimwona akifika nilipokuwa nimefika mimi, hatua moja nyuma yangu. Jioni zote zile alikuwa amezungumza na sikio lililokufa, na lililonifikia ni lile tu alilolisema akinigeukia. Anaposema upuuzi hugeuka, ili aone nikicheka. Jambo la kweli alikuwa amelisema akiangalia mbele.

"Sema tena," nikamwambia. "Ulisema nini?"

"Siwezi."

"Niko hapa. Sikio la kulia hili hapa."

"Nimesema siwezi. Nina hasira." Akavuta pumzi. "Una haki ya kunikasirikia, nami nina yangu. Usidhani ni wewe tu uliyeonewa hapa."

Akatoka. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, mwenye baiskeli mmoja akamtukana, wala hakumjibu, yeye ambaye hujibu hata paka. Shangazi akasema, "Umeona? Ameondoka." Alilisema kama mtu aliyeshinda, lakini hakurudi ofisini. Alibaki pale pale na prufu yake.

Mimi nilirudi kwenye rola. Nilizisugua rola hadi zikataka kuanza kuongea. Nilikuwa na hasira naye kwa kuondoka, hasira na Shangazi kwa kuwa sahihi, hasira na daktari, na benchi, na mvua. Zaidi ya wote nilijikasirikia mwenyewe. Niliogopa kusema neno moja la kawaida kwa mtu ninayempenda, nikalivalisha nguo za mchezo, kisha nikamchukia kwa kulipokea lilivyovaa. Na nilimpenda, ndilo lililoniuma. Nilikuwa tayari kukaa bila kusikia mashine, wala ngoma, wala mlango ukigongwa. Kukaa bila kumjua anasema nini, hapo nilishindwa kujiona.

"Njoo uone," akasema Shangazi kutoka dirishani.

Sikutaka kwenda. Nikaenda.

Saluni yake ina kioo kikubwa mbele, na kutoka dirisha letu unaona ndani yote. Alikuwa amekaa mwenyewe kwenye kiti cha wateja, taulo shingoni, povu limemjaa chini ya pua. Mzee mmoja aliyekuja kunyolewa alikuwa amesimama kando na kofia mkononi, kama yuko kwenye mazishi. Redio alishika wembe. Mkono wake hautetemeki, ni wa kazi, lakini aliusimamisha mara mbili. Mara ya tatu akashusha. Upande mmoja ukaenda, kisha wa pili.

"Ana kichaa," akasema Shangazi polepole. Nilimsoma mdomoni.

Aliosha uso, akajitazama kidogo tu kwenye kioo, akavuka tena barabara, safari hii akitazama pande zote. Alipoingia nilitaka kucheka na nikajizuia kwa nguvu. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso mzima, uchi kabisa, kama yai lililomenywa. Alikuwa mtu mwingine, mdogo kwa miaka kumi, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba midomo yake hutetemeka.

Hakusimama kushoto. Alikuja mbele yangu, hatua moja, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni. Akafungua mdomo na kusema bila sauti, neno moja moja, taratibu, kama anavyosema mtu na mtoto anayejifunza kusoma.

Nilimsoma. Alisema, "Usiniache siku nitakayoishiwa vichekesho."

Hilo ndilo alilolisema benchini miezi miwili iliyopita, nami nikaendelea kutazama barabara.

Machozi yalinitoka bila ruhusa yangu, nikayafuta kwa mkono, wino ukanipaka mashavu yote mawili. Nilimwambia kwamba bado nina hasira naye. Akasema naye anayo, tena nyingi. Nikamwambia asinidanganye kamwe kwa mzaha ninapomuuliza jambo la kweli. Akasema nami nisimletee tena jambo la kweli limevaa kofia ya mzaha. Tulikubaliana kwa nyuso zilizokunjamana, kama watu wanaogombea kiwanja.

"Na sijajibu swali lako," akasema, sasa kwa sauti. "Uliniuliza ningefanyaje. Sijui. Ningeogopa, kama ninavyoogopa sasa. Nitajifunza kusema kwa mikono, mikono ninayo. Kukunyamazia ndiko nisikokuweza. Wananiita Redio."

"Sikuachi," nikamwambia. "Uwe na vichekesho au usiwe navyo."

Kisha nikakumbuka.

"Umejibu kwa uzito," nikasema.

Alitazama chini. "Najua."

"Ng'ambo kule kuna nywele sakafuni."

"Najua."

Nilivuka naye. Mzee wa kofia alikuwa bado amesimama palepale, hajui akae au aende nyumbani. Nilimkabidhi Redio fagio, nikasimama mlangoni na mikono kiunoni, mashavu meusi, nikamtazama. Alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Alifagia vibaya, vibaya sana, kama mtu asiyewahi kushindwa. Nywele za wateja na masharubu yake mwenyewe alizisukuma huku na huku, zikamzunguka na kurudi nyuma yake. Nilimwonyesha kona. Akaenda kwenye kona. Sikumsaidia.

Niliposikia hatua niligeuka. Shangazi alikuwa amevuka barabara na miwani yake ya kazi, kalamu nyekundu imeshikwa pamoja na prufu. Alisimama kizingitini, akaitazama sakafu kama anavyotazama ukurasa.

Redio akasimama wima, fagio kifuani, mdomo wake uchi ukitetemeka.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi hakuharakisha. Macho yake yalipita kona ya kwanza, ya pili, ukutani, mpaka yakafika katikati ya chumba.

"Marahaba," akasema. "Na chini ya kiti je?"